Kikapu Chini ya Benchi

Momanyi,

Salamu tutapeana kesho ukiwa umeshika sanduku, kwa hiyo hapa nazipita. Habari za sabuni, blanketi na kupaka viatu rangi nazipita pia, kwa sababu mama yako amezisema tangu Jumapili na nimeona usoni mwako kwamba zimekuchosha. Mimi nina neno lingine, na ni refu, na nimeanza kuliandika jua likiwa bado juu ya migomba ili nisije nikapata kisingizio cha giza.

Tangu asubuhi watu wanaingia hapa kukuaga, nami nimekaa kwenye kigoda changu karibu na mlango nikiwatazama midomo. Unanijua. Mke wa jirani yetu wa kule chini ameleta kuku, na alipokuwa akimkabidhi mama yako alisema kitu huku amegeuza uso upande wa shamba. Kwa nini ageuze uso? Anayetoa kuku kwa moyo mweupe anaficha mdomo wa nini? Labda ni nzi. Labda jua lilimpiga machoni. Hata hivyo nimemweka akilini, na kuku wake nitamla kwa uangalifu. Baba yako ndivyo alivyo, na sitakudanganya kwamba nimepona.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na nataka ujue sababu. Kwa lugha yetu ya nyumbani kuna mambo ambayo baba na mwana hawawezi kuyatamka mmoja mbele ya mwenzake. Ensoni, ile haya ya baba na mwana, inatufunga wote wawili. Mimi siingii katika nyumba yako ya ujana, wewe hukai kitandani kwangu, na mambo ya mwilini hayapiti kati yetu hata kwa mzaha. Ndivyo nilivyolelewa na baba yangu ambaye jina lake umelibeba, na sina ugomvi nayo. Lakini Kiswahili tulijifunza nje, wewe darasani, mimi wodini nikiwa nimelala kati ya Mkamba na Mluhya, na naona babu zetu hawamo ndani yake wakitutazama. Kitanivusha.

Ulikuwa mdogo sana nilipougua kifua. Nililazwa mbali na nyumbani, nikidungwa sindano kila asubuhi hadi makalio yakawa magumu, na daktari aliniambia wazi kwamba dawa ile huponya mapafu lakini huenda ikala masikio. Nikamwambia adunge. Nilitaka kuishi, na nikiulizwa leo nitajibu vile vile. Nilirudi na mapafu. Masikio yalikwisha polepole nikiwa nimesharudi: ndege walitangulia, kisha nyimbo za kanisani, mwisho sauti ya mama yako. Yako wewe ninayo kichwani mpaka sasa, lakini ni ya mtoto anayeita ng'ombe. Hii nzito ambayo watu wanasema umeipata sijawahi kuisikia.

Chama cha pareto kilinirudishia kazi yangu ya ghala. Kazi ile haikuhitaji masikio. Wakulima walileta maua yaliyokauka, mizani ikaonyesha uzito, mimi nikayapanga na kufunga mlango. Mwenye swali alinigusa bega akanitazama usoni, nami nikamsoma midomo au nikampa chaki aandike kwenye mlango wa bati. Tulikaa hivyo miaka kadhaa bila mtu kulalamika. Wakulima walizoea, hata wakawa wanacheka kwamba ghalani hakuna haja ya kupiga kelele.

Kisha akachaguliwa mwenyekiti mpya. Huyo unamjua, mzee wa kanisa, Sabato anasimama mbele akifumba macho kuliko wote. Mwezi wake wa kwanza nilianza kuona mikono midomoni. Mtu akishajua kwamba kiziwi anasoma midomo, anajikuna pua, anapangusa masharubu, anakohoa kikohozi kisicho na makohozi. Nilipoingia ofisini, karani akainama kutafuta kitu chini ya meza, na chini ya meza hapakuwa na kitu. Mjukuu wa shangazi yangu aliyekuwa akinisalimia kila siku akaanza kupitia nyuma ya ghala. Mimi si mtu wa kuota mchana, Momanyi. Nilijua wananipangia.

Kwenye mikutano ya kamati, iliyofanyika mle ghalani, nilikuwa nikiitwa kueleza hali ya ghala, kisha naachwa nikae kwenye benchi la nyuma mpaka mwisho. Waliongea Kigusii haraka haraka, vichwa vimeinama. Baadaye katibu aliandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili safi, zikatiwa sahihi, na nilipoziomba nikazisoma, zilikuwa nyeupe kabisa. Kamati inamtakia mtunza ghala afya njema. Kamati inatafakari namna ya kumpunguzia mzigo. Mzigo gani? Nani aliwaambia nimelemewa? Nilimwuliza katibu kama hayo ndiyo yote yaliyosemwa, akatikisa kichwa kukubali huku akitazama viatu vyake.

Hapo ndipo nilipoifikiria rekoda ya mjomba wako. Unakumbuka alivyoileta kutoka Nairobi, ile ndogo aliyoachiwa na mwajiri wake, akaiacha kwetu kwa sababu kwake kulikuwa na wezi. Niliwaza hivi: karatasi inaandikwa na mkono wa mwenyekiti, lakini sauti yake haina katibu. Wakisema mbele ya mashine kwamba wananitoa kwa sababu ya masikio, na kwamba kazi yenyewe haina kasoro, nitaipeleka ile kaseti mjini kwa wakubwa wanaosikiliza mambo ya wafanyakazi, nao wataisikia wao wenyewe. Sikutaka kwenda kwao na maneno ya "naona" na "nadhani". Nilitaka ushahidi.

Ulinifundisha wewe, ukiwa likizo. Ulinionyesha vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja, ukasema kitu, ukarudisha nyuma, ukacheza, na nyumba nzima mkaanguka kicheko. Mimi niliweka kiganja juu ya mashine nikahisi ikitetemeka kidogo, nikacheka na nyinyi. Hukuniuliza ni ya nini, na nilipokuambia, uliitikia kwa kichwa. Tulikubaliana kwamba mimi nitabeba kikapu, wewe utakuwa masikio.

Mkutano wa kwanza niliiweka rekoda ndani ya kikapu, chini kabisa, nikaifunika kwa jani la mgomba na ndizi mbivu juu yake, nikasukuma kikapu chini ya benchi langu. Nilibonyeza nikiwa mlangoni, nikijifanya kupanga ndizi. Mambo yakaenda. Mwenyekiti alizungumza kirefu, mkono masharubuni, wengine wakacheka, mmoja akainamisha kichwa kama aliyeona haya. Halafu kikatokea kitu ambacho sikukielewa. Vichwa vyote viligeuka kwa wakati mmoja kutazama chini ya benchi langu. Katibu akaacha kuandika. Kukawa na muda mfupi ambao hakuna mdomo uliosogea. Kisha mwenyekiti akasema neno, watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu miaka ile nilikuwa na tabia hiyo ya kucheka wengine wakicheka ili nisionekane mjinga. Nilidhani ni panya. Ghala la pareto halina panya wengi, lakini nilidhani ni panya.

Nyumbani nilikukalisha nyuma ya jiko la mama yako ukasikiliza, nami nikakaa mbele yako nikitazama uso. Mwanzo uso wako ulikuwa wa kawaida. Kisha ukabadilika, ukazima haraka, ukabaki umeinamia ile mashine. Nikakupa kibao na chaki. Ulishika chaki kitambo kirefu. Mwisho ukaandika: "Sauti ni ndogo, Tata. Ndizi zimeziba."

Nilikuamini. Mimi ambaye sikumwamini katibu, wala karani, wala mjukuu wa shangazi, nilikuamini mara moja, nikajilaumu kwa kuweka ndizi nyingi. Mkutano uliofuata nikaondoa ndizi zote nikaweka vitambaa tu.

Lakini katikati ya mikutano hiyo miwili nilikwenda Keroka kununua misumari, na nikakuona ukishuka kwenye pikapu ya mwenyekiti. Alikuwekea mkono begani. Alikuwa akiongea nawe, na wewe ulikuwa ukisema ndiyo, ndiyo. Nilijificha nyuma ya lori la mkaa nikatazama mpaka mlipoachana. Baadaye nilikuuliza ulikuwa na nani, ukaandika kwamba alikupa lifti, na kwamba alisema atakuandikia barua nzuri ya kukuombea nafasi chuoni siku itakapofika. Hukuficha. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nililala na hiyo barua nzuri kichwani, nikaamka nayo.

Kwa hiyo siku uliposikiliza kaseti ya pili, sikuwa nimekaa mbele yako kama baba. Nilikuwa nimekaa kama polisi. Uso wako safari hii haukuona haya, ulishangaa tu. Ukaandika bila kusita: "Tata, wanajua. Wanakusifu wote, wanakuombea. Lakini mmoja amenong'ona kwamba leo waseme vizuri, kile kitu kiko kwenye kikapu."

Nikauliza wamejuaje. Ukaandika: "Sijui."

Nilifuta kibao kwa mkono wa shati. Nikajiambia: mara ya kwanza hasikii kitu, mara ya pili anasikia mpaka mnong'ono. Mara ya pili wananisifu. Na huyu anataka niache kurekodi. Nikakuuliza kwa mdomo, "Amekupa nini?" Sijui nilisema kwa sauti gani, sauti yangu siijui tena, lakini mama yako alitoka jikoni mbio mikono ikiwa na unga, na kuku waliruka. Wewe uliweka chaki chini, ukaenda kwenye nyumba yako. Hatukuzungumza mpaka shule ilipofunguliwa.

Yote haya unayajua. Ninayokuambia kuanzia hapa huyajui, au nadhani huyajui.

Kabla hujarudi shule, niliwaza kwamba ukweli ambao umenificha mimi lazima utamwambia mama yako. Mtoto hana siri na anayempakulia chakula. Basi jioni moja nilichukua kaseti mpya, nikaiweka rekoda kwenye kikapu kile kile, nikakiweka jikoni chini ya kichanja cha kuni, nikabonyeza, kisha nikatoka kwenda kutazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Wewe uliingia kula. Niliona mgongo wako kwa mlango. Nilikaa zizini nikingoja mmalize kula, na nilikuwa najiona mwerevu sana, Momanyi. Nilidhani mwanamume hawezi kushindwa na watu wa nyumbani mwake mwenyewe.

Niliporudi kuchukua kikapu, nilikuta kimefunikwa. Kile kitambaa cha bluu cha mama yako, cha kichwani, kilikuwa kimekunjwa vizuri na kulazwa juu. Nilidhani ameona ni kikapu tu akakikinga na masizi. Nikarudisha kitambaa kwenye kamba, nikatoa kaseti, nikaitia mfukoni.

Asubuhi iliyofuata nilipanda Keroka na rekoda na kaseti zote tatu kwa Onchari, fundi wa baiskeli. Tulitahiriwa siku moja, mto mmoja, baridi moja. Kati yangu na yeye hakuna ensoni, hakuna neno linalotushinda. Nilimwambia: funga mlango, sikiliza, uniandikie neno kwa neno, usinihurumie.

Akacheza ile ya kwanza, ile uliyosema ndizi zimeziba. Haikuwa imezibwa na chochote. Aliandika kwa chaki kwenye ubavu wa kasha la vipuri, akasimama, akanitazama, nikamwambia andika. Aliandika kwamba mwenyekiti anataka ghala lipewe mtoto wa dada yake. Aliandika kwamba mjumbe mmoja aliuliza, "Kazi yake ina kosa gani?" na mwenyekiti akajibu, "Haina. Lakini sisi tutaonekanaje, chama kizima na kiziwi mlangoni? Andikeni ni afya. Kiziwi hawezi kubishana na karatasi."

Kisha akakataa kuendelea. Nilimshika mkono nikaurudisha kwenye kasha. Akaandika, na haya ndiyo maneno yenyewe ya mzee wa kanisa: "Mtu ambaye mkewe anaweza kumwingiza mwanamume kwa mlango wa nyuma, naye amelala hapo hapo asisikie kitu, ndiye tumwachie ghala la watu?"

Nilimwambia Onchari arudishe nyuma, asikilize tena, aandike upande wa pili wa kasha bila kutazama upande wa kwanza. Hata Onchari, ndiyo, hata yeye nilimpima. Maneno yakatoka yale yale.

Nikaelewa ulichokuwa ukikishika pamoja na ile chaki. Ungeandikaje hayo kwa mkono wako, juu ya mama yako, ukanipa mimi nisome mbele yako? Hakuna mtoto wa Kigusii angeweza. Hata mimi katika umri wako ningesema ndizi zimeziba. Mwenyekiti alipiga mahali ambapo mimi na wewe hatuwezi kwenda pamoja, na sijui kama alijua au alibahatisha, lakini yule mtu siamini kama hubahatisha.

Nilikuwa bado natazama lile kasha Onchari aliporuka. Aliruka kweli, kama aliyekanyaga moto, halafu akacheka peke yake akionyesha rekoda. Nikauliza nini. Akaandika: "Kitufe. Kanda ikiisha kinaruka. Kelele."

Siku uliyonifundisha hatukufika mwisho wa kaseti. Hukufikiria kuniambia, kwa sababu kwako ni jambo linalojitangaza lenyewe. Kelele gani? nikamwuliza. Akachukua nyundo akagonga meza mara moja, nami nikahisi mshtuko ule kwenye kiwiko.

Basi kumbe hivyo. Nilikuwa nimekaa pale nikicheka na watu huku kikapu changu kimewapigia kelele chini ya makalio yangu. Wote waliisikia isipokuwa mwenye kikapu. Na uliponiambia wanajua, ulikuwa ukisema kweli tupu. Uliponificha, nilikuamini. Uliponiambia ukweli, nilikuuliza umepewa nini. Nililia pale kwa Onchari, naye akajishughulisha na mnyororo wa baiskeli mpaka nilipomaliza.

Kaseti ya jikoni ilikuwa mfukoni. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili kinanitoa jasho. Mtu akishakuandikia neno kama lile la mlango wa nyuma, haliishi pale ulipolisomea. Linakufuata. Nilijua ni tusi la mtu mchafu. Nilimjua mama yako. Na bado kitu ndani yangu kiliuliza: kwa nini akachagua tusi hilo na si jingine? Na mkononi nilikuwa na sauti ya mama yako akiongea bila kujua ninamnasa, na mbele yangu masikio mazuri ya Onchari. Alininyooshea mkono aipokee. Kidole changu kilikuwa tayari kimeigusa.

Ndipo nikakikumbuka kitambaa cha bluu. Kama kitufe kiliruka ghalani, basi kiliruka na jikoni. Mlikuwa mnakula, na chini ya kichanja cha kuni kitu kikagonga kama nyundo. Mama yako aliinama, akaona. Akajua mumewe amemtegea mashine kwenye jiko lake. Hakuitupa kwenye moto. Hakunijia zizini. Alivua kitambaa kichwani akakikunja, akaifunika ili moshi usiiharibu, akaniachia nije nikaichukue na werevu wangu. Nilimwambia Onchari hiyo haina kitu, nikairudisha mfukoni.

Mengine yalikuwa kama yalivyokuwa. Nilipeleka kaseti ya kwanza mjini. Bwana mkubwa wa pale aliicheza na karani wake, na nilipowaona wakiuma midomo nilijua wamefika kwenye mlango wa nyuma. Kisha akaandika kwenye karatasi akanisukumia: "Mzee, hii kanda iko na sahihi ya nani?" Nikasema ina sauti. Akaandika kwamba sauti haitii sahihi. Mwenyekiti alikuwepo, amevaa tai, akasema mzee alileta kikapu mara mbili, basi ya pili iko wapi, asikilizwe kwa haki. Ningeweza kusema sina. Nilimtazama nikaona anangoja niseme sina ili aniite mwongo, nikaitoa. Wakaisikiliza, zile sifa na maombi, na bwana mkubwa akafurahi sana kuona namna ninavyopendwa. Yale ya kwanza yakawa utani wa wazee. Nikapumzishwa kwa ajili ya afya yangu, na mtoto wa dada wa mwenyekiti yuko ghalani mpaka leo, mwenye masikio makubwa.

Ningeshinda kama nisingetoa kaseti ya mkutano wa pili? Ningeshinda kama ningekuamini ulipoandika wanajua, nikaichoma ile kaseti siku hiyo hiyo? Nimeyageuza haya nikipalilia chai, na sijui. Huenda ofisi ile ingepata sababu nyingine. Siiamini ofisi ile. Lakini najua kwamba wa pekee aliyeniambia hatari ilipo alikuwa wewe, na wewe ndiye niliyekufukuza na chaki yako.

Sikuambii uende huko ukawaamini watu. Nitakuwa mnafiki. Angalia mikono yao, angalia anayeinama chini ya meza bila sababu. Mwenyekiti alikuandikia ile barua nzuri mwishowe, na umeingia chuo kwa barua hiyo pamoja na zako mwenyewe, na mimi nimeisoma mara nyingi nikitafuta alipoweka mtego. Sijauona. Labda ni namna yake ya kunilipa, labda ni dharau, ukigundua usinifiche. Na ukikuta huko mwanafunzi asiyesikia au asiyeona au anayeburuta mguu, na watu wakisema mbele yake kama hayupo, wewe unajua tayari kinachotokea ndani ya mtu huyo. Sina haja ya kukueleza.

Hatujawahi kuzungumza, mimi na mama yako, juu ya kitambaa. Kila mwaka nasema leo, na kila mwaka anaweka chakula mbele yangu, anagusa bega langu ili nitazame, anasema kula, na ninaona kwenye midomo yake neno hilo tu. Mimi sijui kilichomo kwenye kaseti ile. Hakuna mtu aliyeisikiliza. Huenda mlinisema. Huenda ulimwambia mama yako kwa nini ulisema ndizi zimeziba, kwa njia ambayo mtoto anaweza kumwambia mama. Huenda ni vijiko na kuni tu. Najua kwamba sauti yako imo, ile ambayo sijaisikia, ikiwa ndiyo imeanza kuwa nzito.

Sanduku lako liko hapa kwa mama yako, kwa hiyo nimeweza kulifikia. Nimeifunga kaseti kwenye kile kitambaa cha bluu nikaiweka chini, upande wa kushoto. Nilidhani niko peke yangu chumbani. Nilipogeuka mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akaja, akalaza mashati yako mawili juu yake, akayanyoosha kwa kiganja, akafunga sanduku.

Ni yako. Isikilize au uifute au uitupe mtoni ukivuka. Usiniandikie kilichomo. Niandikie tu kwamba umefika.

Tata wako,
Nyakundi